Maziwa Umemwachia Nani?

Jumamosi iliyopita nilizungumza na kina mama wa mtaa wetu hapa Mombasa kuhusu kutunza maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mvua ya vuli iliwazuia wengi kufika, wakaniomba niandike niliyosema. Haya hapa yote, isipokuwa ile robo saa tuliyohangaika na kipaza sauti.

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mliofuata harufu ya mahamri, hamjambo pia.

Nimefurahi kuona safu ya nyuma imejaa mabibi. Nilipoalikwa niliweka sharti moja: kila mama anayenyonyesha aje na mtu anayemwachia mtoto. Awe mama mzazi, mama mkwe, dada wa kazi, jirani, baba mtoto, yeyote. Wanaume nawahesabu wanne. Karibuni, na msikae karibu na mlango kama watu wanaosubiri kutoroka.

Kwa nini nikaweka sharti hilo? Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto tangu nikiwa msichana. Nimeona maziwa mengi ya kukamua yakiharibika, na mara chache sana aliyeyaharibu ni mama mwenyewe. Mama ameshaambiwa. Amepewa karatasi, ameibandika ukutani. Lakini ile saa maziwa yanapotolewa kwenye friji, mama yuko wapi? Yuko kwenye feri. Yuko Changamwe, mbele ya cherehani. Yuko hotelini Nyali anatandika vitanda vya wageni. Maziwa yako nyumbani, na mkono unaoyashika si wake.

Mwenye mkono huo umemwambia nini?

Hebu tufanye hesabu ndogo kwanza. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Peke yake, bibi, hata kijiko cha maji hapana. Sheria ya ajira ya nchi hii, ya mwaka 2007, inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sita toa tatu? Zinabaki tatu. Miezi hiyo mitatu ndiyo tuliyokuja kuizungumza leo. Na wewe unayeuza viazi karai Mwembe Tayari huna hata hiyo likizo, kwa hivyo miezi yako ni mingi zaidi.

Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na sita hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku, usiku na mchana pamoja. Ukiondoka kwa muda wa saa nane, mwachie kama mililita 250 hivi. Hicho ni kikombe kimoja kikubwa cha chai. Nasema hivi kwa sababu nawajua akina mama wanaokata tamaa kabla ya kuanza, wanadhani wanatakiwa wajaze ndoo.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe, kisha mtanihukumu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu na siku kumi niliporudi kazini. Tulikuwa tunakaa Majengo, chumba na ukumbi, friji hatuna, tunaomba nafasi kwa jirani. Nikakamua kwa mkono alfajiri, kikombe kizima, nikamwachia mama yangu. Jioni narudi, mama ananipokea na furaha zake: "Maziwa yako yamenyweka yote! Niliyachemsha vizuri, na yale mafuta ya juu nikayaengua."

Mnacheka. Mimi sikucheka, nilikaa kitako pale pale mlangoni.

Lakini hebu niambieni, mama alikosea wapi? Mama amelea watoto saba kwa maziwa ya ng'ombe yanayoletwa na mtu wa baiskeli. Maziwa hayo usipoyachemsha, unamwagilia mtoto maradhi. Kila mwanamke mwenye akili zake hapa pwani, akipewa maziwa, anatafuta sufuria. Mama alifanya alilolijua. Aliyekosea ni mimi muuguzi, niliyejua yote haya na nikaondoka nyumbani bila kusema neno. Niliona haya. Nani atamfundisha mama yake mambo ya maziwa?

Basi haya hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Mabibi zangu wa nyuma, naomba mnivumilie, leo nawafundisha.

Maziwa ya mama hayachemshwi. Nasema tena kwa ajili ya aliyekuwa anafungua kitumbua: hayachemshwi. Yana chembe hai, yana kinga zinazomlinda mtoto na maradhi ya tumbo na ya kifua. Ukiyatokosa, kinga unaziua. Pale Pumwani, Nairobi, kuna benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini, iliyofunguliwa mwaka 2019. Wanapokea maziwa ya kina mama wanaochangia, kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawana au hawapo. Maziwa hayo ni ya mtu mwingine, kwa hivyo lazima yauliwe vijidudu. Na unajua wanayapasha kiasi gani? Njia inayotumika ni nyuzi 62.5 kwa nusu saa. Hayafiki hata kutokota. Na hata hapo wanajua kuna kinga kidogo zinazopotea. Sasa wewe maziwa ya mama wa mtoto mwenyewe unayafurisha kwenye jiko la mkaa, kwa nini?

Na yale mafuta ya juu? Hayo ndiyo shibe. Maziwa ya mama yakikaa hujitenga: mafuta yanapanda, chini panabaki maji maji yenye rangi ya buluu kwa mbali. Hayajakatika hayo. Unazungusha chombo taratibu, yanachanganyika. Mama yangu aliengua chakula akampa mjukuu maji. Mtoto alilia usiku kucha, na lawama zikaangukia maziwa yangu kwamba ni mepesi.

Ni mepesi! Neno hilo limewaachisha wangapi?

Basi yanapashwaje? Kwanza, si lazima yapashwe. Mtoto anaweza kuyanywa ya baridi kidogo, au yaliyofikia joto la chumba. Wengine hawajali kabisa. Kama wako anakataa, chukua bakuli, tia maji ya vuguvugu, weka chombo cha maziwa kikiwa kimefungwa ndani yake, dakika chache. Maji yasipande hadi kwenye mfuniko. Zungusha, kisha dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usisikie joto wala baridi. Ukisikia joto, ngoja.

Maikrowevu, hapana. Najua kina dada wa Nyali mnazo jikoni. Maikrowevu hupasha mafungu mafungu: chombo kwa nje unakisikia cha kawaida, katikati pana moto wa kuchoma ulimi. Nimemwona mtoto mwenye malengelenge kinywani, na aliyempasha alikuwa amegusa chupa akaridhika. Chupa haisemi kweli.

Tuje kwenye joto. Hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu kaskazi iko mlangoni.

Karatasi karibu zote mtakazoona zinasema maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa nje ya friji saa nne. Ni kweli. Lakini someni maneno madogo ya chini: chumba kiwe na nyuzi 25 au pungufu. Haya, nani humu ukumbini ana chumba cha nyuzi 25 mwezi wa Februari? Mwenye kiyoyozi anyanyue mkono. Sioni hata mmoja. Chini ya bati, Kisauni au Jomvu, saa nane mchana, kaskazi imekaza, hata mafuta ya nazi hayagandi. Wewe unataka maziwa yatulie?

Wako wataalamu wanaosema hata kwenye joto la nyuzi 27 mpaka 32 saa nne zinavumilika, kama mikono na chombo ni safi kabisa. Sibishani nao. Lakini mimi naishi hapa, na nawaambia ninavyowaambia wanangu: wakati wa kusi zihesabuni saa nne zenu, wakati wa kaskazi msizimalize. Ukikamua, tafuta baridi hapo hapo. Ikishindikana, anywe ndani ya saa mbili. Hiyo ya mbili ni yangu, haimo kwenye karatasi ya mtu.

Bibi mmoja ameniuliza nikiwa naingia: mtungi je? Tulikua tukinywa maji baridi ya mtungini, si unaweza kuweka kikombe cha maziwa juu ya mtungi? Swali zuri. Mtungi hupoza kwa sababu maji yanatoka jasho kwenye udongo na upepo unayakausha. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, haikaushi vizuri. Utapunguza joto kidogo, kuliko kuacha kikombe juani. Lakini mtungi usiuhesabu kuwa friji.

Na hizo saa nne zina kisa chake. Mama mmoja, mtoto wake nimempima mimi mwenyewe kliniki, alikamua saa tisa alasiri kabla ya kwenda kazi ya usiku. Akamwambia dada wa kazi, "Haya yanakaa saa nne." Akaondoka zake. Dada akasikia nini? Akasikia saa nne ya usiku. Kwa nini asisikie hivyo? Ndivyo tunavyosema! Kutoka saa tisa alasiri hadi saa nne usiku ni saa saba, katikati ya mwezi wa Machi. Mtoto alinywa saa tatu na nusu, na dada akaona yuko ndani ya wakati. Kuhara siku tatu. Tulimshukuru Mungu ikaishia hapo.

Mama akamgombeza dada. Dada akalia. Mimi nikamwuliza mama: ungeambiwa wewe hivyo, ungeelewa nini? Akanyamaza.

Tangu siku hiyo sikubali mtu aandike "saa nne" kwenye chombo. Andika saa ya mwisho. Umekamua saa tisa alasiri, andika: MWISHO SAA MOJA JIONI. Wakati wa kaskazi andika saa kumi na moja. Asiyejua kusoma mchoree saa ya ukutani na mishale yake. Hili halina gharama, ni kalamu na kipande cha plasta.

Sasa friji. Ndani ya friji maziwa hukaa hadi siku nne. Yaweke nyuma kabisa, kwenye baridi inayotulia, mbali na mlango. Mlango wa friji zetu unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Mtoto anataka maji, baba anataka soda, jirani kaweka samaki wake. Kila ukifunguliwa, vilivyo mlangoni vinapata joto.

Kwenye friza lenye mlango wake maziwa hukaa miezi sita yakiwa bado mazuri. Yakipita hapo mpaka mwaka yanaweza kutumika, ila ubora unashuka. Lakini kale kachumba ka barafu kaliko ndani ya friji ya mlango mmoja, friji ambayo wengi wetu ndiyo tuliyo nayo, usikahesabu kuwa friza. Wiki mbili, basi.

Weka kidogo kidogo, mililita 60 mpaka 120 kwa chombo. Mtoto akibakisha unamwaga, na hakuna machungu kama kumwaga maziwa uliyoyakamua saa kumi za usiku. Chombo kiwe cha kioo, au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa chakula, chenye mfuniko unaokaza. Usijaze pomoni, maziwa yakiganda yanatanuka. Na tafadhali, vile vimfuko vya plastiki vya kufungia njugu, hapana. Serikali ilivipiga marufuku mifuko ya aina hiyo mwaka 2017 na bado sijui mnavitoa wapi. Ipo mifuko maalumu ya maziwa ya mama, inauzwa kwenye maduka ya dawa. Ukiwa na uwezo, nunua. Huna, gilasi ya jemu yenye mfuniko mzima, iliyooshwa kwa maji moto na sabuni na ikachemshwa dakika tano, inatosha.

Kila chombo kiwe na tarehe na jina. Najua mtasema, jina la nini, mtoto si ni mmoja? Kwako mmoja. Je, friji ya kazini? Je, ile friji ya jirani wanayoitumia kina mama watatu wa ploti moja?

Hapa Mombasa jina lina uzito ambao karatasi za kigeni haziujui. Sisi Waislamu tuna undugu wa kunyonya. Mtoto akinywa maziwa ya mwanamke asiyemzaa, kabla hajafika miaka miwili, anakuwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake. Hawaoani. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi hapa pwani tunayafuata, yanahesabu kuanzia manyonyesho matano, na kunywa kwa kikombe hakubadilishi hukumu. Mashehe ndio wenye kufafanua, mimi ni muuguzi tu. Lakini fikiria mwenyewe: dada wa kazi anachanganya gilasi mbili wiki nzima, hakuna aliyejua, na miaka ishirini baadaye unapeleka posa nyumba ya pili. Nimeona familia moja iliyokaa vikao vitatu ikijaribu kukumbuka nani alimnyonyesha nani ploti ile. Vikao vitatu, kwa jambo ambalo kipande cha plasta kingelimaliza.

Na wewe usiye Muislamu, kuna maradhi yanayopita kwenye maziwa. Jina ni jina.

Mkikamua tena mchana na mkataka kuongeza kwenye yale ya asubuhi, yapozeni kwanza kwenye friji. Ya moto juu ya baridi, usimimine. Juu ya barafu ndiyo kabisa, unayayeyusha yale ya chini.

Kuyeyusha: yatoe friza usiku, yaweke friji ya kawaida yaamke asubuhi yakiwa tayari. Una haraka? Yapitishie chini ya maji ya vuguvugu. Anza na ya zamani. Yakishayeyuka yote, yana saa 24 ndani ya friji, kuanzia yalipomaliza kuyeyuka. Ukishayapasha, au yakifika joto la chumba, ni saa mbili. Usiyarudishe friza.

Na aliyobakisha mtoto? Mate yameshaingia. Saa mbili tangu alipomaliza, kisha mwaga. Bibi yangu mmoja alikuwa anayarudisha kwenye friji "yasiharibike riziki". Naielewa roho hiyo. Ogeshea mtoto, paka upele, lakini usimnyweshe.

Stima. Mlidhani nitaisahau? Mama mmoja wa Kisauni alikuwa na akiba ya pakiti zaidi ya ishirini kwenye friza. Stima ikapotea Ijumaa jioni. Kila nusu saa anafungua mlango aangalie kama zimeyeyuka. Sasa nani aliyeziyeyusha? Friza lililojaa, likifungwa lisiguswe, hushika baridi kama siku mbili. Likiwa nusu, siku moja. Friji ya kawaida ni saa nne tu, kwa hivyo ya friji yanywewe mwanzo. Friza lako lina nafasi? Jaza chupa za maji zigande, zinalisaidia. Na stima ikirudi, angalia: pakiti yenye vipande vya barafu ndani inaweza kurudi kuganda. Iliyokuwa maji matupu lakini bado baridi, isirudi, ipewe mtoto ndani ya siku hiyo. Yule mama alimwaga zote ishirini akilia, na nusu yake zilikuwa na barafu. Hakuwa na wa kumwuliza usiku ule. Ndiyo maana namba ya kliniki iko kwenye mlango wa ukumbi huu, inakilini.

Sasa njoo kwenye feri.

Mama wa Likoni, kazi mjini. Anakamua saa saba mchana, anatoka saa kumi na moja, foleni ya feri mnaijua wenyewe. Anafika kwake saa moja. Nilimkuta siku moja kwenye njia ile ya kuteremkia, amekumbatia kitu kifuani, kimefungwa leso mbili. Nikadhani amebeba mtoto. Kumbe gilasi ya maziwa! Namwuliza, mbona leso mbili joto hili? Akaniambia kwa sauti ya chini: "Watu wana macho, dada."

Sikumcheka na nyinyi msimcheke. Anayeogopa jicho, afunge leso saba. Lakini ndani ya leso pawe na barafu. Tulitengeneza chetu: chupa ya chai ile ya mdomo mpana, ya kubebea uji, ndani gilasi ndogo iliyofungwa kisawasawa, pembeni barafu. Vile vifurushi vya barafu vinavyogandishwa kwenye friza, ndani ya kikapu kizuri cha baridi, vinatunza maziwa hadi saa 24. Barafu ya kununua barabarani inayeyuka mapema, ongeza njiani, na kumbuka maji yake si ya kunywa: mfuniko ukilegea, maziwa yameingia maji ya mtaroni. Mpaka leo anapita na chupa yake, na watu wote wa feri wanajua ni uji. Macho hayana habari.

Na huyu mama, mnajua alikuwa anakamulia wapi huko kazini? Chooni. Amesimama, gilasi imewekwa juu ya tangi la maji la choo. Nawauliza: wewe ungekula chapati iliyokandiwa hapo?

Kazi yenyewe sitaitaja. Nitaitaja sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, chenye pa kunawia mikono, friji au njia nyingine ya kupoza, soketi za stima kwa ajili ya pampu, meza ndogo na viti vya kukaa kwa raha. Na imeandikwa wazi kwamba chumba hicho kisiwe chooni. Kifungu cha 72 kinampa mama mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, mbali na muda wa chakula, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Nawaomba mviandike viganjani: 71 na 72. Yule mama alikwenda kwa msimamizi wake na karatasi. Alipewa stoo ya mafagio yenye kufuli. Si chumba cha sheria, bado. Lakini ina kiti, na hakuna harufu.

Mikono. Hili nitapita haraka maana mnalijua, ila kulijua na kulifanya ni mambo mawili. Sabuni, maji yanayotiririka, sekunde ishirini, kabla ya kukamua na kabla ya kushika chombo. Pampu, kama unayo, kila kinachogusa maziwa kioshwe kila baada ya kukamua, kwenye beseni lake peke yake, si kwenye sinki lililooshewa samaki. Kianikwe kikauke chenyewe. Usikifute na kitambaa kile kile cha kufutia meza. Na pampu si lazima! Mkono ni pampu, na haukatiki stima.

Harufu, nimekaribia kusahau, na ndiyo inayomwaga maziwa mengi kuliko stima. Maziwa yaliyokaa kwenye friji au friza, ya baadhi ya mama, hunuka kama sabuni. Ni kimeng'enya kilichomo ndani yake kinavunja mafuta. Hayajaharibika. Watoto wengi huyanywa bila neno. Maziwa yaliyoharibika yananuka uchachu mkali, kama maziwa lala yaliyosahaulika, ukionja utajua. Rangi isikutishe: mchicha unaweza kuleta kijani kwa mbali, maziwa ya mwanzo ni ya njano. Onja kwanza. Mabibi, nyinyi mna ulimi, utumieni.

Mwenye mtoto njiti, au mtoto aliye wodini, hesabu zangu za leo si zako. Fuata atakazokupa muuguzi wake, maana ni kali zaidi.

Mwisho, chupa ya kunyonyea au kikombe? Kikombe. Kidogo, cha wazi, hata cha kahawa. Chupa ina pembe na chuchu za kujificha uchafu, na mtoto mwingine akiizoea anakataa titi. Kikombe unakiona mpaka chini. Mtoto akae wima mapajani, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye mdomo wake tu, yeye mwenyewe ayarambe. Usimmiminie. Anaweza, hata mchanga wa wiki moja anaweza. Wanaoyamwaga kifuani ni sisi, kwa haraka zetu.

Haya, maneno yametosha. Hapa mbele nina beseni la maji ya vuguvugu, gilasi nne, vikombe vya kahawa, na hili mnalolitazama kwa kicho ni titi la kitambaa nililolishona mwenyewe kwa soksi. Tutakamua, tutaandika plasta, tutapasha. Mama zao mkae, mnywe chai. Nataka nyinyi mnaobaki nyumbani. Bibi wa mtungi, njoo wewe kwanza. Na wewe kaka wa karibu na mlango, ndiyo wewe, kunawa mikono ni kule.